Duka Katika Kiganja cha Mkono

Kila biashara ina milango miwili. Mlango wa kwanza ni ule ambao bidhaa hupita, na mlango wa pili ni ule ambao habari za bidhaa hupita. Mfanyabiashara aghalabu huushughulikia sana mlango wa kwanza. Huupaka rangi, huutia kufuli imara, na alfajiri huwahi kuufungua. Mlango wa pili huusahau, kwa sababu hauonekani barazani. Lakini mteja hupita mlango wa pili kabla ya kuufikia wa kwanza: husikia, huuliza, hulinganisha, ndipo akaja. Mlango wa habari ukifungwa, duka lenye mali nyingi hugeuka ghala lisilo na mgeni.

Katika insha hii, msomaji, nataka tuitazame historia ya mlango huo wa pili katika pwani ya Malindi na Kilifi, hasa jinsi ulivyohamia katika kioo cha simu ya mkononi. Jambo lenyewe laonekana dogo. Ni kuifanya tovuti ya duka au ya hoteli, iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta kubwa, isomeke vema katika simu inayoenea kiganjani. Lakini ndani ya jambo hilo mna riziki za watu wengi, na mna swali la kale ambalo mji wa Malindi umekwisha kuulizwa zaidi ya mara moja: chombo kikibadilika, bandari itafanyaje?

Tuanze mbali kidogo. Katika karne ya 15 Malindi ilikuwa na sifa iliyovuka bahari. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa Uchina twiga, na miaka michache baadaye merikebu za amiri Zheng He zikafika katika pwani hii. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 Vasco da Gama, baada ya kupokewa vibaya Mombasa, alitia nanga Malindi, akapewa rubani wa kumwongoza hata Calicut katika Bara Hindi. Ghuba ya Malindi haina kina kirefu, lakini siku zile haikudaiwa kina. Vyombo vya tanga viliweza kusogea karibu na pwani. Maji yakipwa vikakaa juu ya mchanga, na wachukuzi wakaviendea kwa miguu kupakua shehena.

Kisha mambo yaligeuka. Mwishoni mwa karne ya 16 Wareno walihamishia makao yao Mombasa, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na sultani wa Malindi naye akahamia huko. Malindi ikafifia. Gede, mji wa mawe ulio kusini yake, nao ukahamwa na msitu ukaufunika. Katika karne ya 19 mji wa Malindi ulifufuka kwa biashara ya nafaka, iliyolimwa kwa jasho la watumwa. Lakini wakati huo huo meli za moshi zilikuwa zimekwisha kuanza kuishika njia ya bahari. Meli ya moshi haikai mchangani. Yataka kina na gati. Mombasa ilikuwa na Kilindini, na mwaka 1896 reli ikaanza kujengwa kutoka huko kwenda bara. Malindi ilibaki na ghuba yake ile ile, nzuri kama jana. Watu wake hawakuwa wavivu wala wajinga. Bandari yao ilifaa chombo cha namna moja, na dunia ikapanda chombo cha namna nyingine.

Hata katika nchi kavu somo ni lilo hilo. Msafiri wa zamani aliyetoka Mombasa kwenda Malindi alikatizwa na maji ya Mtwapa na maji ya Kilifi. Kule Mtwapa kivuko kilivutwa kwa mnyororo na wanaume walioimba huku wakivuta. Kule Kilifi magari yalipanga foleni yakingojea feri, mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Mwenye shehena ya samaki au ya maembe alijua maana ya kungoja. Mali yake ilikuwa njema alipoipakia, na bei yake ilikuwa ya haki. Kilichompunguzia faida ni kivuko baina yake na mnunuzi. Naomba uishike picha hiyo ya kivuko, kwa maana tutairudia.

Tangu miaka ya 1930 hoteli za wageni zilianza kujengwa Malindi, na baada ya uhuru wa mwaka 1963 utalii ulizidi kukua. Waitalia wengi walikuja, wengine wakajenga nyumba, hata lugha yao ikawa yasikika madukani na sokoni. Hata hivyo mlango wa habari ulikuwa mbali. Mgeni wa Ulaya alichagua hoteli kwa kutazama vijitabu vya picha katika ofisi ya wakala wa safari mjini kwake. Mwenye hoteli wa Malindi aghalabu hakumjua mgeni wake mpaka aliposhuka garini. Aliyemjua ni wakala, na wakala huyo alikata ujira wake kabla fedha hazijavuka bahari. Mwenye nyumba ndogo ya wageni, au mwenye mashua ya kuvulia, ambaye hakuwa na wakala, hakuwamo kabisa katika vijitabu vile. Kwa mgeni wa mbali alikuwa kama mtu asiyekuwako.

Huenda ukastaajabu kwamba katika pwani hiyo hiyo ulikuwako mtambo wa elimu ya juu kabisa ya zama zile. Huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitalia walisimamisha baharini jukwaa la San Marco, na tangu mwaka 1967 setilaiti zikarushwa kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo katika nyota, nayo ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya Kenya. Basi pwani hii ilipata kuzungumza na nyota kabla mwenye duka wa Watamu hajaweza kuzungumza upesi na mteja wake wa Nairobi. Elimu kubwa yaweza kukaa jirani na watu miaka mingi bila kuwagusa, mpaka itakapopatikana njia ya kuitia mikononi mwao.

Njia hiyo ilianza kufunguka ng'ambo. Mwaka 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya CERN huko Uswisi, alipendekeza namna ya kuunganisha maandishi yaliyomo katika kompyuta mbalimbali, ili msomaji aweze kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine po pote ulipo. Mwaka 1993 CERN ilitangaza kwamba mtu ye yote aweza kuitumia namna hiyo bila malipo. Ndiyo asili ya tovuti. Katikati ya miaka ya 1990 huduma ya intaneti ilianza kuuzwa Kenya. Ilipita katika nyaya za simu na setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Wachache walikuwa na kompyuta nyumbani. Wengi walikwenda katika vyumba vya saiba, wakalipa kwa dakika.

Kurasa za wakati ule zilitengenezwa kwa kipimo cha kompyuta ya mezani. Kioo cha kompyuta kimejaa nukta ndogo ziitwazo pikseli. Watengenezaji walizoea vioo vyenye upana wa pikseli 800, baadaye 1,024. Walipanga maneno safu tatu: kushoto orodha ya kurasa, katikati habari, kulia matangazo. Waliweka kipimo kisichobadilika, kama fundi apigaye mlango msumari kwenye ukuta. Hawakukosea kwa kadiri ya siku zao. Kila aliyewatembelea alikuwa ameketi mbele ya kioo kikubwa.

Lakini nchini Kenya wageni wa intaneti walikuwa wakijiandaa kuja kwa chombo kingine. Mpaka mwaka 1999 mambo yote ya simu yalikuwa mikononi mwa Shirika la Posta na Simu, na mtu aliweza kungoja muda mrefu sana apate waya nyumbani. Mwaka 2000 kampuni za Safaricom na KenCell zilianza kushindania wateja wa simu za mkononi. Kadi za kukwaruza zikauzwa vibandani. Mtu wa kipato kidogo akaweza kununua mazungumzo kidogo kidogo kama anunuavyo chumvi. Simu ikafika Ganze, Bamba na Magarini, katika nyumba nyingi ambazo umeme haujafika wala kompyuta haijaonekana. Mwezi wa Machi mwaka 2007 ilizinduliwa huduma ya M-Pesa, na hata kile kisimu chenye tochi ambacho watu walikiita mulika mwizi kikawa mfuko wa fedha.

Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS, zilizolazwa chini ya bahari, zilifika Mombasa, na mwaka 2010 ukafuata waya wa EASSy. Intaneti ikaongezeka kasi, na bei yake ikaanza kushuka. Mwaka 2011 simu janja ya Huawei iitwayo Ideos iliuzwa Kenya kwa bei ya shilingi 8,000 hivi, bei ambayo mwalimu, karani au mvuvi mwenye bahati aliweza kuifikiria. Tazama basi jinsi mambo yalivyokwenda. Katika nchi za Ulaya wengi walianza na kompyuta, kisha wakaongeza simu. Kwetu wengi waliikuta intaneti kwa mara ya kwanza ndani ya simu, na wengi hawakuiona penginepo. Simu ikawa ndiyo jahazi la watu wote, na tovuti za wafanyabiashara zikawa bandari zilizojengwa kwa meli kubwa.

Tuseme kuna mtu wa Watamu mwenye mashua yenye kioo chini, awachukuaye wageni kutazama matumbawe na samaki wa hifadhi ya bahari. Tuseme amelipa fundi, akatengenezewa tovuti yenye picha nzuri. Mama mmoja wa Nairobi, akiwa safarini kuja pwani pamoja na watoto wake, anaifungua katika simu. Ukurasa wote unajikunyata ili uenee katika kioo kidogo, na herufi zinakuwa kama sisimizi. Anaupanua kwa vidole. Sasa anaona nusu ya sentensi, na nusu ya pili imetoka nje ya kioo. Anatafuta bei, haioni. Anagusa neno moja, kidole kinaangukia jingine. Picha kubwa inavuta fedha za bando lake. Ikiwa ukurasa una uzito wa megabaiti 6, na bando lake ni la megabaiti 50, basi kurasa nane za namna hiyo zitakaribia kulimaliza. Mama huyo hatagomba wala hataandika barua ya malalamiko. Atafunga tu, aende kwa mwingine. Mwenye mashua hatajua kamwe kwamba alikuja mteja, akabisha hodi, akaondoka.

Hapo ndipo palipo na hatari ya jambo hili, nami nataka uitambue. Hasara ya kawaida huonekana: mashua hupasuka, samaki huoza, mwizi huvunja. Hasara ya mlango wa habari haina sauti. Mtu hukaa pwani akilaumu msimu, akailaumu serikali, akalaumu hata husuda za majirani, na kumbe wateja wanapita mbele ya mlango wake kila siku wakiukuta umebana.

Watu wenye akili walijaribu dawa mbalimbali. Mwaka 1999 zilitoka simu zilizoweza kusoma kurasa za namna ya pekee, zenye maneno machache na karibu hazina picha. Zilikuwa kama kipande cha mkate kwa mtu aliyealikwa karamuni. Mwaka 2006 kampuni ya Norway iitwayo Opera ilieneza duniani kivinjari cha Opera Mini. Hicho hakikuuleta ukurasa moja kwa moja; kwanza ulipita katika kompyuta za kampuni, ukapunguzwa uzito, ndipo ukapelekwa katika simu. Kilipendwa sana Kenya kwa sababu kilihurumia mfuko wa mtumiaji. Mwaka 2007 kampuni ya Apple ilitoa simu ya iPhone, iliyouonyesha ukurasa mzima na kumruhusu mtu kuupanua kwa vidole. Lakini kupanua na kupunguza si kusoma. Ni kutazama ukuta kwa tundu la ufunguo.

Wafanyabiashara wengine walijenga tovuti mbili: moja ya kompyuta na moja ya simu. Njia hii ilisaidia, lakini ilizaa taabu ya maduka mawili yenye daftari mbili. Bei ya chumba ikipanda, ilipasa ibadilishwe mahali pawili. Pakisahauliwa pamoja, mgeni alisoma bei moja katika simu na nyingine katika kompyuta, akadhani anadanganywa. Tena simu zenyewe hazikuwa na ukubwa mmoja, na kila mwaka zilikuja nyingine. Nani angeweza kujenga duka jipya kwa kila simu mpya?

Tarehe 25 Mei 2010 Mmarekani Ethan Marcotte alichapisha makala katika jarida la A List Apart, akaeleza njia nyingine. Jina la njia hiyo alilitoa kwa wajenzi wa majumba, waliokuwa wakifikiri juu ya vyumba vinavyojirekebisha kwa kuwafuata watu waliomo ndani. Alisema kwamba ukurasa uwe mmoja tu, lakini usiwe na umbo moja. Njia yake ilikuwa na nguzo tatu. Ya kwanza, upana wa safu usipimwe kwa pikseli zisizobadilika, bali upimwe kwa sehemu ya kioo: nusu, theluthi au robo. Ya pili, picha zisivuke mipaka ya safu yake, zipungue pamoja nayo. Ya tatu, ukurasa ukiulize kivinjari habari ya kioo, na kioo kikiwa chembamba, mpangilio wenyewe ubadilike.

Ukitaka kuifahamu njia hiyo kwa mfano wa kwetu, mfikirie mwanamke asukaye mkeka. Haanzi na mkeka mzima. Husuka ukili mrefu, kisha huushona ukili kwa ukili mpaka upatikane upana anaoutaka. Ukurasa wa zamani ulikuwa mkeka uliokwisha kushonwa: ukiuingiza katika ujia mwembamba, utaukunja au utaupasua. Ukurasa wa njia mpya ni kili zilizo tayari. Katika sebule pana hulala tatu ubavu kwa ubavu. Katika ujia mwembamba hufuatana moja baada ya nyingine. Ukindu ni ule ule na rangi ni zile zile, wala hakuna kilichotupwa.

Lakini mpangilio peke yake hautoshi, na hapa mafundi wengi huishia njiani. Yako mambo mengine manne. Kwanza ni uzito. Picha iliyopigwa kwa kamera nzuri yaweza kuwa na upana wa pikseli 4,000 na urefu wa 3,000, yaani pikseli 12,000,000. Simu yenye upana wa pikseli 720 yahitaji picha ya 720 kwa 540, yaani 388,800 tu. Kumpelekea mteja picha ile kubwa ni kumtwisha mzigo unaozidi haja yake zaidi ya mara 30, na gharama ya uchukuzi analipa yeye. Pili ni kidole. Mshale wa kompyuta una ncha kali, lakini kidole gumba ni kinene. Vitufe viwe vikubwa, tena viachane. Tatu ni utaratibu. Katika kioo chembamba kitu kimoja tu huja juu, hivyo mwenye duka hulazimika kujiuliza: mteja wangu anataka nini kwanza? Aghalabu anataka bei, mahali, na namba ya simu. Nne, namba hiyo ikiguswa ipige simu, wala mteja asilazimike kuinakili katika karatasi.

Nawaomba mlitafakari jambo hilo la tatu, kwa maana lina faida kubwa kuliko ufundi wenyewe. Kioo kikubwa humruhusu mtu kusema mengi bila kuchagua. Kioo kidogo humlazimisha kuchagua, na anayechagua hulazimika kumfikiri mgeni wake kabla ya kujifikiri mwenyewe. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni hawezi kuja ikiwa mwenyeji hakuwaza njia yake.

Mwaka 2015 ulileta jambo la kulazimisha. Tarehe 21 Aprili kampuni ya Google, ambayo watu wengi huitumia kutafutia habari, ilianza kuzipa nafasi ya mbele kurasa zinazosomeka vema katika simu, pale mtafutaji atumiapo simu. Ukurasa uliobana ulianza kusukumwa nyuma, mahali ambapo wachache hufika. Kampuni ya takwimu ya StatCounter iliripoti kwamba mwezi wa Oktoba 2016, kwa mara ya kwanza duniani, matumizi ya intaneti kwa simu na vifaa vya mkononi yalipita nusu kidogo, yakaishinda kompyuta. Mwezi uliofuata Google ikatangaza kwamba itaanza kuzihesabu tovuti kwa kutazama kwanza sura yake ya simu. Hivyo sura iliyokuwa ya pembeni ikawa sura yenyewe.

Mabadiliko hayo yaliikuta pwani yetu katika shida. Mwezi wa Mei 2014, kwa sababu ya mashambulio ya kigaidi, serikali ya Uingereza iliwaonya raia wake wasiende Mombasa na pwani yake mpaka Mtwapa, isipokuwa kwa safari za lazima. Wageni wa ng'ambo walipungua hata kule ambako onyo halikutaja, na hoteli nyingine zikafunga milango. Pwani ilipokuwa inaanza kupumua, ukaja ugonjwa wa korona. Mwezi wa Machi 2020 Kenya ilisimamisha ndege za abiria kutoka nchi za nje, na mwezi wa Aprili watu wakakatazwa kuingia na kutoka katika Kaunti ya Kilifi. Kwa miezi kadhaa mchanga wa Malindi ulikuwa na nyayo za kaa kuliko za wageni.

Katika shida hizo mbili pwani ilijifunza thamani ya mgeni wa nchini. Tangu mwaka 2017 treni ya Madaraka Express imekuwa ikiwaleta abiria kutoka Nairobi hata Mombasa, nao hupanda matatu kuja Kilifi, Watamu na Malindi. Mgeni huyu hapiti kwa wakala wa Milano. Ana simu mkononi, hutafuta kwa simu, hulinganisha kwa simu, na hulipa kwa simu. Mfanyabiashara ambaye tovuti yake yasomeka vema humpata moja kwa moja. Asiyekuwa nayo hulazimika kuwategemea madalali wa mtandaoni. Tuseme dalali achukua shilingi 15 katika kila 100. Chumba cha shilingi 6,000 kitapoteza 900 kila usiku, na katika siku 40 zitakwenda shilingi 36,000. Huenda huo ukawa mshahara wa mpishi au wa mlinzi. Simlaumu dalali, afanya kazi yake na anastahili ujira. Lakini mwenye mlango wake mwenyewe huenda kwa dalali kwa hiari, na asiye nao huenda kwa kulazimika.

Yuko atakayeuliza: kwani tovuti ya nini, nasi tuna WhatsApp na Facebook? Swali hili ni la haki. Mwuza samaki wa Kilifi anayewatumia wateja picha za changu na tasi kila asubuhi afanya biashara nzuri bila tovuti, wala sitamwambia aache. Lakini ajue kwamba hapo amepanga chumba katika nyumba ya mtu. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika pamoja dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi, na wote waliopanga humo wakakaa gizani. Mwenye nyumba aweza kubadili masharti, aweza kufunga mlango, aweza kuamua nani aonekane. Mwenye busara huweka bidhaa katika baraza ya mwingine, lakini hujenga pia kibanda chake, hata kama ni cha makuti.

Faida ya kuwa na mlango wa namna hii si ya hoteli peke yake. Karibu na Msitu wa Arabuko-Sokoke uko Mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa Gede mwaka 1993. Wakulima wanaoishi kando ya msitu hufuga vipepeo, na viumbe hao huuzwa ng'ambo wakiwa bado wamo ndani ya ganda, kabla hawajatoka na mabawa. Bidhaa hiyo haimsubiri mtu: siku zake zikitimia hupasua ganda, awe amefika au hajafika. Biashara kama hiyo haiwezi kuishi bila habari zinazokwenda upesi kuliko shehena yenyewe. Na faida yake si fedha tu, kwa maana mkulima apataye riziki kutokana na msitu uliosimama ana sababu ya kuulinda usikatwe.

Neno moja la tahadhari laja hapa. Ukurasa unaopokea majina na namba za simu za wateja umepokea amana. Nchini Kenya iko Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayomtaka mwenye biashara atunze habari za watu wala asizitumie kinyume cha ruhusa yao. Mlango mpana usiwe mlango wa kuwaibia waliouingia.

Sasa, msomaji kijana, turudi katika swali tulilolianza. Ghuba ya Malindi haikuweza kubadilika meli za moshi zilipokuja, na watu wake hawakuwa na la kufanya juu ya mchanga uletwao na mto Sabaki. Maji ya Kilifi yalidai daraja kubwa, mitambo mizito na miaka mingi ya kungoja. Lakini bandari ya leo, ambayo ni ukurasa, yaweza kuchimbwa kina na kijana mmoja mwenye kompyuta ya kuazima, subira, na ujuzi wa kuandika mistari michache ya maagizo. Ni mara chache katika historia ya pwani hii ambapo kazi ya kuitengeneza bandari imewekwa mikononi mwa watu wa umri wako.

Ukitaka kuanza, anza na kupima. Chukua simu ya bei nafuu kuliko zote nyumbani kwenu. Tafuta tovuti tano za biashara za Malindi, Watamu, Kilifi au Mtwapa. Katika kila moja jiulize: je, nimesoma bila kupanua? Bei nimeiona kwa muda gani? Namba ya simu yagusika? Ukurasa umekula kiasi gani cha bando? Andika majibu yako katika jedwali, kisha umpelekee mwenye biashara mmoja kwa adabu, umwonyeshe kile mteja wake anachokiona. Hapana shaka wengine watakuona mtoto. Lakini atakayekusikiliza utakuwa umemfanyia kazi ya rubani: umeketi katika chombo cha mgeni, ukamwonyesha mwenyeji miamba iliyo mbele ya mlango wake.